Kivungulio cha nyumbani: Mwavuli wa mboga unaotaka nanga

UKIPITA katika mitaa ya Amalemba, Sichirai au Shirere mjini Kakamega mwezi wa Januari, utaona bustani nyingi za nyumbani zimebaki vijiti vitupu. Sukuma wiki imekuwa ngumu, managu yamekauka, na vitita vya mboga sokoni vimepungua huku bei ikipanda.

Rudi huko mwezi wa Mei na utakuta kinyume chake. Maji ni tele, lakini nyanya zimeoza kwa ukungu na majani ya mboga yamechanwachanwa na mvua ya mawe.

Eneo la Lurambi, ambalo ndilo lenye mji wa Kakamega, halina upungufu wa mvua. Hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu nyingi za Kenya hukiota tu. Shida ni kwamba mvua hiyo huja kwa kishindo, aghalabu alasiri, ikiandamana na ngurumo na upepo. Kisha kuanzia Desemba hadi Februari huadimika.

Anayeumia ni mlaji, hasa mtoto mdogo na mama mjamzito.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, bila kuhesabu viazi, mihogo na vyakula vingine vya aina hiyo. Kwa nyumba yenye watu wazima wanne, hizo ni zaidi ya kilo moja na nusu kwa siku. Ni familia chache za mjini zinazoweza kununua kiasi hicho mboga zinapoadimika.

Utafiti wa kitaifa kuhusu afya na idadi ya watu uliofanywa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 kati ya kila 100 wa Kenya walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi, lakini mlo wa aina moja, yaani ugali na chai leo, ugali na chai kesho, ni mojawapo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Waluhya wana utajiri mkubwa wa mboga za kienyeji. Kuna tsisaka, ambayo wengine huiita sagaa. Kuna lisutsa, yaani managu. Kuna mitoo, mrenda na likhubi, ambayo ni majani ya kunde. Mboga hizi za kijani kibichi zina madini ya chuma yanayosaidia kujenga damu, na viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, ambayo hulinda macho na kuimarisha kinga. Zina pia asidi ya foliki, ambayo mama mjamzito huihitaji ili ubongo na uti wa mgongo wa mtoto uumbike vyema.

Mboga hizo hazina budi kupatikana mwaka mzima ndipo zifae. Njia moja ya kuziba pengo hilo ni kivungulio kidogo cha plastiki nyuma ya nyumba, au grinhausi kama wengi wanavyokiita.

Mwavuli, si blanketi

Wazo la kufunika mimea kwa plastiki lilitoka nchi za baridi. Mwaka wa 1948, mtaalamu wa kilimo Emery Emmert wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, alijenga banda la mimea kwa plastiki kwa sababu vioo vilikuwa ghali. Nia yake ilikuwa kuhifadhi joto.

Lurambi iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na haina haja ya joto zaidi. Hapa kivungulio ni mwavuli. Kazi yake kubwa ni kuzuia matone makali ya mvua na mawe yasipige majani, na kuyaweka majani makavu ili ukungu usipate pa kuanzia. Wakati wa kiangazi husaidia udongo usikaushwe upesi na upepo na jua kali.

Na kila aliyewahi kufungua mwavuli penye upepo anajua kinachotokea. Upepo hauuangushi mwavuli chini. Huunyanyua, ukaupindua, na usipoushika kwa mikono miwili huenda nao.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hununua plastiki nzuri, wakatafuta fundi, wakasimika fremu yenye nguvu ya kubeba mzigo. Lakini kivungulio hakina mzigo wa kubeba. Adui yake ni upepo unaokivuta kwenda juu, na dawa ya upepo huo ni nanga.

Nguvu ya upepo

Upepo unaovuma kwa kasi ya kilomita 36 kwa saa, katika mwinuko wa Kakamega, hutoa msukumo wa kama kilo 5 kwa kila mita moja ya mraba. Kasi hiyo ikiongezeka maradufu, yaani kilomita 72 kwa saa, msukumo hauwi kilo 10. Huwa kilo 20, kwa sababu kasi ikizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara nne.

Chukua kivungulio cha upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, ambacho kwa vipimo vya mafundi wetu ni futi 10 kwa 20. Hicho kimefunika mita 18 za mraba. Upepo wa dhoruba wa kilomita 72 kwa saa unaweza kukivuta juu kwa nguvu inayofikia kilo 360. Huo ni uzito wa zaidi ya mifuko 7 ya saruji.

Kivungulio chenyewe, pamoja na paipu, miti na plastiki, hakifiki uzito huo hata kidogo. Kwa hiyo kisipofungwa ardhini, swali si kama kitang'oka, bali ni lini.

Kinapong'oka, hasara si ya mboga tu. Paipu na vyuma vinavyopeperushwa vinaweza kumjeruhi mtoto anayecheza uani, kuvunja dirisha la jirani au kunasa kwenye nyaya za stima.

Kuchagua mahali

Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kinatosha nyumba na kivungulio kidogo, mradi mahali pachaguliwe kwa makini.

Kwanza, jua upepo wa dhoruba hutoka wapi. Kakamega hupokea upepo unyevu kutoka Ziwa Victoria na mwingine kutoka upande wa mashariki, kwenye nyanda za juu za Nandi. Pepo hizo zikikutana ndipo ngurumo za alasiri huzuka. Lakini kila boma lina njia yake ya upepo kutegemea miti na majengo. Tazama ni ukuta upi wa nyumba hulowa zaidi mvua inaponyesha. Upande huo ndiko dhoruba hutokea. Ncha nyembamba ya kivungulio ielekee huko, wala si ubavu wake.

Pili, epuka kujenga chini ya mti wa parachichi au mkaratusi. Tawi moja likianguka, kazi imeisha. Epuka pia mahali ambapo maji ya paa la mabati humwagikia.

Tatu, angalia historia ya udongo. Sehemu ya Rosterman, ambayo ni maarufu kwa dhahabu tangu miaka ya 1930, na sehemu nyingine zilizochimbwa madini zina vifusi vya migodi. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kutenganisha dhahabu, na vifusi vya migodi ya dhahabu vinaweza pia kuwa na aseniki. Sumu hizo huharibu ubongo na figo, na haziondoki kwa kuosha mboga. Usipande chakula juu ya vifusi hivyo wala usivitumie kujaza mtaro.

Nne, kaa mbali na choo cha shimo, na mahali pawe karibu na mlango wa jikoni. Bustani inayoonekana kutoka jikoni ndiyo huchumwa na kutunzwa.

Kusimika fremu

Kwa kivungulio cha mita 3 kwa 6, unahitaji matao 7 yenye nafasi ya mita moja baina yake. Paipu nyeusi za maji zenye ukuta mnene na kipenyo cha milimita 32 au zaidi zinafaa. Paipu ya mita 6 ikikunjwa ili miguu yake iwe mita 3 kutoka mmoja hadi mwingine, kimo chake katikati huwa kama mita 2.2. Mtu mzima husimama bila kuinama, jambo ambalo ni nafuu kwa mgongo.

Kata nondo za milimita 12 ziwe vipande 14 vya mita moja. Vipige ardhini sentimita 60 na kuacha sentimita 40 nje, kisha vivishe paipu hadi ziguse ardhi. Vaa viatu vizito na glavu. Jeraha la chuma chenye kutu na udongo linaweza kuleta pepopunda, kwa hivyo akijikata mtu, jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni kisha aende kituo cha afya kuulizia chanjo.

Funga mti mrefu au paipu chini ya matao yote katikati, kama mgongo wa nyumba. Kisha funga mti mwingine kwenye miguu ya matao, kila upande. Toboa kila mguu wa paipu, pitisha waya kwenye tundu hilo na uufunge barabara kwenye mti huo wa chini. Usipofanya hivyo, paipu zitachomoka kwenye nondo kama kidole kinavyotoka kwenye pete.

Katika pembe zote nne, weka mti wa kuegemeza kutoka juu ya tao la mwisho hadi mguu wa tao la pili. Miti hiyo ya mshazari huzuia matao yasilale upande mmoja.

Miti itakayogusa udongo italiwa na mchwa. Kakamega ni nchi ya mchwa, na kumbikumbi zake, tsiswa, ni kitoweo kinachopendwa. Watu wengi hupaka miti oili chafu ya gari. Usifanye hivyo ndani ya bustani ya chakula, kwani oili hiyo ina sumu na pia huharibu plastiki. Badala yake, babua ncha ya mti kwa moto hadi iwe nyeusi kabla ya kuisimika, na uikague mara kwa mara.

Nanga ndiyo kazi

Nondo ulizopiga ardhini huzuia fremu isisukumwe kando. Hazitoshi kuizuia isinyanyuliwe, hasa udongo ukilowa. Kwa hiyo kila upande uwe na nanga tatu: mbili pembeni na moja katikati. Jumla ni sita.

Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, lenye kina cha sentimita 60. Ukilijaza zege, nanga moja huwa na uzito wa kama kilo 130. Kabla zege halijakauka, zamisha kipande cha nondo kilichokunjwa kama ndoana na uache pete juu. Pete hiyo ndiyo itakayofungwa kwa waya mnene kwenye mti wa chini wa fremu. Nanga sita za namna hiyo zina karibu kilo 780, zaidi ya mara mbili ya nguvu ya dhoruba tuliyoitaja.

Asiye na fedha za saruji azike jiwe kubwa au gogo gumu la nusu mita likiwa limelala chini ya shimo, limefungwa waya mnene unaotokeza juu. Udongo urudishwe kidogo kidogo na kushindiliwa kila unapofika kimo cha shibiri. Udongo uliotupwa tu bila kushindiliwa haushiki kitu.

Na mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki shimo la zege? Anaweza kutumia pipa la lita 200 lililojaa maji na kufunikwa vyema kila pembe. Kila pipa ni kilo 200. Au atumie magunia ya udongo. Lakini vitu hivyo vifungwe kwenye fremu yenyewe. Gunia lililowekwa tu juu ya plastiki hutelezeshwa na upepo na kuachwa hapo hapo, plastiki ikienda zake.

Kabla ya kutandaza plastiki, fanya jaribio hili. Watu wawili wenye nguvu washike tao moja na kulivuta juu. Warudie kwa kila tao. Likisogea hata kidogo, rudi kwenye nanga. Nguvu za watu wawili ni ndogo mno zikilinganishwa na za dhoruba ya Aprili.

Kutandaza plastiki

Nunua plastiki ya vivungulio yenye kinga dhidi ya miale ya jua, unene wa maikroni 200. Hiyo hudumu miaka mitatu hivi au zaidi ikitunzwa. Plastiki ya kawaida ya dukani hupasuka kabla ya mwaka kwisha. Kwa vipimo vyetu, kipande cha mita 8 kwa 8 kinatosha.

Funga vitambaa vikuukuu juu ya matao ili plastiki isikwaruzwe wala isiunguzwe na paipu nyeusi inayopata joto la jua.

Chimba mtaro kila ubavu wa kivungulio, kina sentimita 30 na upana sentimita 30. Chagua asubuhi tulivu yenye jua kiasi, kwa kuwa plastiki iliyopata joto hulainika na hukaza inapopoa. Ita watu wanne.

Tandaza plastiki juu ya matao. Upande mmoja uingie mtaroni, ushuke hadi chini na kugeukia nje. Rudisha udongo na kuushindilia. Kisha vuteni upande wa pili hadi plastiki ikaze kama ngozi ya ngoma, mzike vilevile.

Udongo wa mtaro mmoja wa mita 6 ni zaidi ya nusu tani. Mitaro miwili hupita tani moja. Hivyo udongo wako mwenyewe, ambao haukununuliwa, ndio unaolinda mali yako kuliko kamba yoyote.

Kwenye ncha zote mbili, kunja plastiki kuzunguka tao la mwisho na kuibana kwa vipande vifupi vya paipu vilivyopasuliwa kwa urefu. Usiipigie misumari moja kwa moja, kwani kila tundu la msumari ni mwanzo wa mpasuko. Kisha pitisha kamba au mikanda ya tyubu kuukuu ya tairi juu ya plastiki, baina ya tao na tao, uifunge kwenye vigingi. Plastiki inayopigapiga ndiyo hupasuka, iliyotulia hudumu.

Ncha zenyewe zizibwe kwa neti ya kuzuia wadudu, pamoja na mlango, ili hewa ipite. Andaa pia pazia la plastiki la kuteremsha upande dhoruba inakotokea. Mawingu yakikusanyika, teremsha pazia hilo na ulifunge, huku ukiacha upande wa pili wazi. Upepo ukiingia na kukosa pa kutokea, utakijaza kivungulio kama puto.

Maji yasilowanishe nanga

Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya kivungulio hiki, lita 180 za maji huteremka pande zake. Hizo ni mitungi 9 ya lita 20. Kwa mwaka mzima, maji hayo hufika lita 36,000 hivi.

Yakituama juu ya mtaro ulioziba plastiki, udongo hugeuka tope na kuachilia. Hivyo chimba mfereji mdogo nje ya mtaro ule, wenye mteremko wa kuyaondoa au kuyapeleka kwenye tangi.

Utayahitaji. Mimea iliyo ndani hainyeshewi, na siku ya jua kali hutaka kama lita 60. Tangi la lita 1,000 litakusukuma siku 16 hivi. Mwagilia asubuhi, shinani mwa mmea wala si juu ya majani. Mboga za kuliwa mbichi zisimwagiliwe maji machafu ya mto au kisima kilicho karibu na choo, kwani huko ndiko homa ya matumbo hutoka.

Tangi na mapipa yafunikwe. Kakamega imo katika ukanda wa Ziwa Victoria ambako malaria ni ya kudumu, na mbu aenezaye malaria hupenda kutaga kwenye vidimbwi vidogo vyenye jua. Mfereji unaotuamisha maji kwa wiki moja au mbili unaweza kuzalisha mbu wa kukuletea hasara kuliko faida ya mboga.

Papo hapo, tutaje kosa linaloonekana katika bustani nyingi. Neti ya kitanda yenye dawa ni ya kitandani. Kumnyima mtoto neti ili kuzungushia mboga ni kuokoa jani na kupoteza mti.

Joto, dawa na radi

Saa sita mchana, ndani ya kivungulio huwa kama tanuri. Joto likipita digrii 35, maua ya nyanya hupukutika, na mtu naye hudhurika. Fanya kazi kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na unywe maji. Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au kuumwa na kichwa, toka nje upesi na ukae kivulini. Wazee, akina mama wajawazito na wenye shinikizo la damu wawe waangalifu zaidi. Mtoto asiachwe humo peke yake.

Dawa za wadudu ni hatari zaidi ndani kuliko nje, kwa sababu mvuke wake haupeperushwi. Kwa bustani ya nyumbani, jitahidi kuziepuka. Neti nzuri, usafi, na kuokota wadudu kwa mkono hutosha mara nyingi. Hata nondo mharibifu wa nyanya, Tuta absoluta, aliyeonekana Kenya mwaka wa 2014, hupunguzwa sana kwa neti isiyo na matundu na kuondoa majani yaliyoshambuliwa.

Ikibidi kunyunyiza, nunua dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu (PCPB), na uangalie rangi iliyo chini ya kibandiko. Nyekundu ni sumu kali na haifai nyumbani. Soma siku ngapi zipite kabla ya kuchuma, na uzihesabu kwa uaminifu. Vaa barakoa, glavu na nguo za mikono mirefu, na usiwaruhusu watu kuingia humo hadi muda ulioandikwa upite.

Ngurumo zikianza, toka. Eneo la magharibi mwa Kenya hupigwa radi mara nyingi, na banda lenye nondo na nyaya si pa kujificha. Kama kuna la kufunga, lifunge mapema.

Kupanda na kupika

Acha njia ya sentimita 60 katikati, na tuta la mita 1.2 kila upande. Changanya samadi iliyooza. Majani ya maua malulu, yale ya manjano yanayoota kwenye nyua nyingi za Kakamega, ni mbolea nzuri. Watafiti walioifanyia kazi magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 waligundua kwamba yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi.

Wakati wa mvua, tumia kivungulio kwa nyanya, pilipili hoho na dania, ambazo huumizwa na maji ya juu. Wakati wa kiangazi, panda mchicha, sagaa na managu. Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Usifuatanishe nyanya, managu na pilipili katika tuta moja, kwa kuwa ni za ukoo mmoja na huambukizana mnyauko wa bakteria, ambao ukiingia udongoni haung'oki upesi.

Kivungulio hiki hakitalisha familia peke yake. Kitaongezea kile ambacho bustani ya wazi inatoa, na kitaziba miezi ambayo hiyo haitoi kitu.

Mboga ioshwe kabla ya kukatwa, isichemshwe hadi ipoteze rangi, na itiwe mafuta kidogo au maziwa, kwa maana vitamini A hufyonzwa na mwili pamoja na mafuta. Ukiongeza nyanya mbichi au kipande cha chungwa, mwili hupata nafasi nzuri ya kutumia madini ya chuma.

Usipoziba ufa

Kila baada ya dhoruba, zunguka kivungulio. Tazama mitaro, kaza kamba, vuta waya za nanga. Mpasuko wa inchi moja uzibwe siku hiyo hiyo kwa utepe maalumu, kwani upepo ukiingiza kidole leo, kesho utaingiza mkono. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Plastiki ikizeeka, usiichome. Moshi wake hudhuru mapafu, hasa ya watoto na wenye pumu. Ikate vipande vya kufunikia kuni au matuta, au wapelekee wanaokusanya plastiki za kutumika upya.

Wakati mzuri wa kuanza ni Novemba, mvua zinapopungua na ardhi ingali laini ya kuchimbika. Anza na mashimo sita ya nanga. Plastiki iwe ya mwisho kununuliwa, baada ya watu wawili kulivuta kila tao na kushindwa kulisogeza. Ukifuata mpango huo, Januari itakapofika hutahitaji kuuliza bei ya kitita sokoni kabla ya kuinjika chungu.